Tulisema Mashine Tunayo

Siku ile niliingia katika karakana ya baba yangu mdogo nikampa mkono kama ninavyompa mtu wa dirishani benki. Sikumwamkia. Nilisema, "Habari za kazi, fundi." Yeye, aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye kiwanja cha shule kule Litembo, akanitazama mara moja, akamtazama mgeni niliyekuja naye, akafuta mkono wake kwenye suruali.

"Nzuri, afisa," akasema. "Karibuni."

Mgeni alikuwa mama wa makamo, mkuu wa masoko wa kiwanda cha ng'ambo kinachotengeneza mashine ndogo za kumenyea kahawa, zile za kuzungusha kwa mkono, zinazotoa ganda jekundu na kuacha buni. Kiwanda hicho kilikuwa kinauza katika nchi nyingi, ila si kwetu, na sasa kilitaka kuingia. Mimi niliajiriwa kwa miezi sita nikusanye habari Mbinga, nimtafsirie mama huyo, kisha niandike ripoti ya kuwasaidia waamue waingie kwa njia ipi.

Hilo la njia ndilo lililonivuta. Chuoni nilisoma biashara, na mhadhiri mmoja alituchorea mstari ubaoni. Mwanzo wa mstari ni kuuza kwa mbali: unajaza kontena, mfanyabiashara wa huko analipokea, na wewe hujui hata mnunuzi wako ana sura gani. Mwisho wa mstari ni kujenga kiwanda chako hukohuko na kuajiri watu wa hukohuko. Katikati kuna kumpa mwenyeji leseni atengeneze kwa jina lako, kuna ubia, kuna kuleta vile vipande vigumu tu na vingine vikatengenezwa na mafundi wa pale. Kadiri unavyosogea kuelekea mwisho wa mstari, alisema, ndivyo unavyojifunga zaidi, na ndivyo unavyowajua watu zaidi. Nilinyoosha mkono nikauliza: na hao wanaoingiliwa, wao wanachagulia wapi kwenye mstari huo? Darasa likacheka. Mhadhiri akasema swali hilo liende idara nyingine. Nililijivunia swali lile kwa miaka mitatu.

Siku ya kusaini mkataba nilipewa fomu yenye kipengele kimoja kilichouliza kama nina ndugu mwenye maslahi katika biashara ya mashine za kilimo wilayani. Niliandika "hakuna". Wakati huo haukuwa uongo kamili. Nilidhani wanawawaza wenye maduka. Baba mdogo ni mchomeleaji. Mwaka mzima anatengeneza madirisha na mageti, na msimu wa kahawa ukifika anafufua mashine za kumenyea zilizokufa. Wiki ya tatu mama yule alinitumia orodha ya karakana saba alizotaka kuzitembelea. Ya nne ilikuwa ya kwetu. Kibao chake kina jina la utani tu, lile ambalo mji mzima unamwitia, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kumfanya mgeni ashtuke.

Ningemwandikia mistari miwili siku ileile mambo yangeisha. Sikuandika. Mimi ndiye niliyesimama kwenye harusi ya rafiki yangu, kipaza sauti mkononi, nikamsema mtendaji wa kijiji aliyempa mpwa wake kazi ya kusimamia bomba la maji. Watu walipiga makofi, mtendaji akainama kwenye sahani yake. Tangu hapo nilikuwa na sifa ya kulinda. Nilitaka awepo kijana mmoja wa Mbinga ambaye mikono yake hainuki undugu. Nilipoiona karakana ya nne kwenye orodha, jambo la kwanza nililowaza halikuwa baba mdogo. Nilijiwaza mimi, na watakavyonisema.

Kwa hiyo nikampa mkono na kumwita fundi.

"Mwulize," mama yule akaniambia kwa Kiingereza, "mashine za aina hii anazionaje?"

Nikamwuliza, kwa Kiswahili cha ofisini ambacho sijawahi kuongea naye maishani.

"Mwambie mama," baba mdogo akasema, "mashine hizi zinawafaa sana watu wanaokaa kwenye uwanja wa mpira."

"Una maana gani, fundi?"

"Sisi tumekaa mlimani, afisa. Uwanjani kwangu ukimwaga maji, dakika moja yako kwa jirani, anakuja kugomba. Sasa mashine yao miguu yote minne ni sawasawa. Inainama. Kahawa inakimbilia upande mmoja, buni inakatwa. Halafu bei inashuka tunaambiwa sisi ni wavivu." Akavuta stendi aliyoitengeneza mwenyewe: miguu miwili ya nyuma ilikuwa bomba ndani ya bomba, na pini ya kuzuia. "Hii unairefusha, unaifupisha. Hata kwa mama mkwe wangu kule Kitura itasimama, na kule mbuzi wenyewe wanashikilia."

Nilitafsiri yote isipokuwa mama mkwe na mbuzi. Mgeni akapiga magoti kwenye vumbi la vyuma akaanza kuipima ile miguu kwa mikono, akitabasamu peke yake.

Alipokuwa hapo chini, mama mmoja aliyekuwa akisubiri jembe lake alinikazia macho. "Wewe si mtoto wa mwalimu wa Litembo? Yule aliyekwenda chuo?"

"Watoto wa walimu wote wanafanana, mama," baba mdogo akadakia. "Wote wana miwani. Jembe lako hili hapa."

"Lakini huyu sura yake na yako—"

"Chukua jembe, mama, mvua inakuja."

Hapakuwa na wingu hata moja. Mama yule alichukua jembe lake akaondoka akigeukageuka. Tulipoagana, baba mdogo alinishika mkono kwa adabu zote za mtu na mgeni, ila kidole gumba chake kikanibonyeza kiganja. Kesho yake mchana alinipigia simu akicheka mpaka anakohoa.

"Mwanangu, umecheza! Nilipoona huniamkii nikasema, ahaa, kuna jambo. Wasijue kwamba ni wa nyumbani, sivyo? Ili kazi ije kwa haki."

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ije kwa haki."

Nilicheka naye. Hilo la kucheka naye linanichoma kuliko mengi yaliyofuata.

Mgeni wangu alikuwa amekwisha kuvutiwa. Ndani ya gari aliniambia kwamba angependa njia ya katikati: kiwanda kilete ngoma ya ndani, ile inayozunguka na kumenya, na bati lake la shaba, vitu ambavyo Mbinga havitengenezeki, na yule fundi wa nne atengeneze stendi, mdomo na mpini, afundishe na mafundi wengine, na jina lake liwe kwenye mashine chini ya jina la kiwanda. Lakini wakubwa wake wasingekubali kwa kupenda tu. Kuanzisha kazi na fundi kunahitaji uhakika kwamba mashine zitatakiwa nyingi, mwaka hadi mwaka. Zikitakiwa chache, kontena moja kwa mwagizaji wa Songea linatosha, na asiyeuza sana hahitaji kumjua mtu. Kila kitu sasa kilitegemea uchunguzi wa nyumba kwa nyumba.

Tulikuwa wakusanyaji wanne wenye vishikwambi. Swali la tisa lilikuwa hili: je, kaya yako ina mashine ya kumenyea kahawa? Majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Nyumba ya kwanza, jirani na Litembo, baba mwenye nyumba alijibu bila kufikiri: "Tunayo."

Sikuiona. "Iko wapi, baba?"

"Iko kwa kaka mkubwa, ng'ambo ya bonde."

Nikabonyeza ndiyo. Nyumba ya pili: tunayo, iko kwa kaka mkubwa yuleyule. Ya tatu: tunayo.

Mtu asiye wa kwetu angeweza kusamehewa. Mimi nilijua ninachokisikia. Kwetu Umatengo, watu wa ukoo wanaokaa pamoja hukusanyika kula kwa mkubwa wao, na katika kula huko ndimo mambo yote ya ukoo huzungumzwa. Mlo huo, na mkusanyiko wenyewe, tunauita sengu. Siku hizi wengi tumeubakiza kwa Jumapili tu, baada ya misa, lakini kilicho cha sengu ni cha wote. Mashine ikiwa kwa baba mkubwa, nyumba zote zinazokula kwake zinayo. Kumwambia mgeni "hatuna", wakati mashine ya sengu imesimama pale uwanjani, ni kama kusema sisi hatuli tena kwa baba mkubwa. Hakuna mtu mzima Mbinga atakayetamka hivyo mbele ya kijana mwenye kishikwambi.

Na nilijua jambo la pili. Nimekulia kwenye foleni ya mashine moja. Kahawa yote huiva kwa mkupuo. Nyumba yenye zamu ya mwisho inakaa na magunia yake siku mbili, tatu, mpaka yanapata joto na kunuka kama pombe, na kahawa ya namna hiyo hata uioshe vipi haisimami daraja la juu. Mama yangu alikuwa akitandaza kahawa kwenye mikeka ndani ya nyumba, tunaruka juu yake kwenda kulala, ili isichachuke kabla zamu yetu haijafika. Angepatikana mtu wa kutengeneza mashine karibu, na wa kuitengeneza ikiharibika, zile nyumba zote zilizosema tunayo zingetaka ya pili na ya tatu. Swali la tisa halikuwa na mahali pa kuandika hayo. Lakini mimi nilikuwa na kalamu, nilikuwa na ripoti nzima.

Niliyesifika kwa kuuliza maswali, niliona swali bovu nikalinyamazia.

Mwisho wa kazi mama yule alitaka kuliona ziwa, tukateremka kwa barabara ya lami mpaka Mbamba Bay. Alitazama bandari inavyojengwa, akauliza malori ya kutoka Mtwara yanachukua siku ngapi. Tulikula mchana kwenye banda la mama lishe karibu na maji, samaki mbasa wa kuchoma na ugali, na kando yetu wanawake walikuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja na kuzozana kwa Kinyasa, ugomvi wa kirafiki ambao sikuuelewa wote. Mgeni alikula kwa mikono, vizuri tu. Kisha akafuta vidole akafungua kompyuta yake.

"Namba zinaniambia karibu kila nyumba ina mashine," akasema. "Mimi nimezunguka na wewe siku nyingi. Sijaziona mashine zote hizo. Kuna kitu ambacho sikielewi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo. Mhadhiri wangu hakuwahi. Nilihitaji sentensi tatu tu kulijibu, na nilikuwa nazo. Ila niliona mbele. Ningemweleza, angeuliza umejuaje. Ningesema kwa kuwa ndivyo tunavyoishi nyumbani. Angeuliza nyumbani kwenu mashine iko wapi, nani anaitengeneza. Na kila jibu lingenisogeza karibu na ile karakana ya nne, mpaka angejua kwamba kijana aliyeandika "hakuna" anamtetea baba yake mdogo.

"Namba ziko sawa," nikasema. "Watu wamejibu wenyewe."

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema, akafunga kompyuta. "Wewe ndiye unayewajua."

Nilirudi Mbinga nikaandika ripoti kwa Kiingereza kizuri. Niliandika kwamba kaya nyingi tayari zina mashine. Kwamba mahitaji ya haraka ni madogo. Kwamba njia yenye hatari ndogo zaidi ni kumtumia mwagizaji. Aya ya mafundi niliifupisha, na ya fundi wa nne niliifupisha kuliko zote, ili mtu asije akanisema. Nilijisomea mara mbili nikaona sina upendeleo wowote. Nakumbuka kwamba niliridhika.

Baba mdogo naye alikuwa anajiandaa. Alikataa kazi ya mageti ya shule moja kwa kuwa ingemziba msimu mzima. Alibomoa ukuta wa nyuma wa karakana ili kupata nafasi ya meza ya pili. Alitengeneza stendi tatu za mfano, akazipaka rangi ya kijani, akaziweka mbele barabarani, na mtu akiuliza bei anajibiwa, "Hizo haziuzwi, hizo ni za kiwanda." Haya yote niliyasikia, na mara mbili nilipita njia ya nyuma ya soko ili nisipite hapo.

Barua pepe ya uamuzi ilifika Ijumaa. Wamechagua mwagizaji. Wamenishukuru kwa kazi safi. Ndiyo, waliandika hivyo, kazi safi.

Jumapili nilikwenda kwa baba mkubwa, nikakuta watu wamekwisha kaa. Baba mdogo alikuwa anawasimulia kwa mara ya kumi jinsi nilivyomwita fundi.

"Habari za kazi, fundi!" aliigiza, kifua mbele, akijifanya ana miwani puani. "Huyu! Niliyembeba mgongoni akaninyea!" Watu wakacheka. Shangazi yangu akasema kumbe chuo kinafundisha na maigizo. "Haya, afisa," baba mdogo akanigeukia, "kiwanda kinasemaje?"

Nikawaambia. Mashine zitaletwa zimekamilika, zitauzwa dukani Songea. Hakuna fundi atakayehusishwa.

"Kwa nini?" baba mkubwa akauliza.

"Kwa sababu watu walisema mashine wanazo."

"Si tunayo?" Akanyoosha kidole kwenye banda. "Ile pale. Ulitaka tuseme hatuna? Sengu imekufa?"

"Hapana, baba mkubwa. Ila wao walihesabu kila nyumba na yake."

"Basi walikosea. Si ungewaambia?"

"Labda naye hakujua kwamba wanahesabu hivyo," shangazi akasema, akinitafutia pa kutokea. "Mambo ya kompyuta hayo."

Pa kutokea palikuwa wazi kabisa. Watu kumi na zaidi walikuwa tayari kupita nami hapo, na wa kwanza wao angekuwa baba mdogo. Nilimwona anaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Nilijua," nikasema. "Mama yule aliniuliza. Nikamwambia namba ziko sawa."

Hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru. Baba mkubwa aliosha mikono kabla ya kumaliza ugali wake, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, na shangazi akaanza kukusanya vyombo vyenye chakula.

Jumatatu nilimwandikia mama yule kila kitu: swali la tisa, sengu, foleni, fomu, undugu. Alijibu siku ya pili, bila ukali. Mkataba na mwagizaji umekwisha kusainiwa, na kwa miaka kadhaa hawaruhusiwi kuingia Ruvuma kwa njia nyingine. Kuhusu undugu, alisema kiwanda kingemweka mtu mwingine asimamie sehemu ile ya karakana, basi. Hutokea kila nchi. Aliandika kwamba pale Mbamba Bay alisubiri jibu jingine.

Nilichapisha barua ile nikaipeleka karakana. Nilidhani nina wajibu wa kumtafsiria, neno kwa neno, safari hii bila kuruka kitu. Baba mdogo alikuwa anachomelea nondo za dirisha. Nyuma yake turubai lilining'inia pale ulipokuwa ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, elektrodi mkononi.

"Kwa hiyo wangekubali," akasema, "hata wakijua mimi ni nani yako."

"Ndiyo, baba."

"Nikuulize. Wale mafundi wengine sita. Kazi ile ingekuwa inamwendea mmoja wao, na mama yule akakuuliza vilevile. Ungemwambia?"

Nilitaka kusema sijui. Sijui ni jibu ninalolipenda, nimelitumia sana, linamfanya mtu aonekane anafikiri.

"Ningemwambia," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo cha dirisha. Aliinama akaiweka nondo sawa kwenye fremu, akainua kinyago cha kuchomelea, kisha akasita, kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama mbele yake.

"Geuka upande wa pili," akasema. "Moto huu utakuumiza macho."

Niligeuka. Nikasimama hivyo, nimempa mgongo, mpaka alipomaliza.